Jumatano Yetu Ukumbini

Mume wangu alinileta Nairobi kwa gari la moshi, daraja la tatu, nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Alikuwa fundi wa mabehewa katika karakana ya reli. Baada ya miaka miwili ya kulala chumba kimoja na wanaume wenzake watano, alikuwa amepewa chumba chake mwenyewe katika mtaa wa nyumba za baraza la mji, ng'ambo ya Barabara ya Doonholm kama ilivyoitwa wakati ule. Sakafu ya saruji, dirisha moja, na nyuma jiko tulilolitumia pamoja na nyumba tatu nyingine. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Kwetu magharibi nilizoea kuamkia shambani na kurudi na jua la utosi. Hapa nilimaliza kufagia, kufua na kuinjika kabla ya saa nne, kisha nikakaa mlangoni nikitazama watu wakipita.

Kitu kikubwa kuliko vyote mtaani kilikuwa ukumbi. Ulikuwa wa mawe ya kuchonga na paa la vigae, madirisha marefu, na sakafu ya mbao iliyopakwa nta hadi mtu akiingia na viatu vipya anateleza. Jioni vijana walifanya mazoezi ya ndondi humo. Jumamosi ilikuwa dansi, na sisi wanawake tulijua nyimbo zote kwa kuzisikia kupitia madirisha tukiwa tumekaa vibarazani. Kamati ya kandanda ilikutana humo, chama cha mazishi cha watu wa kwetu pia. Kibao mlangoni kilisema ukumbi ni wa wakazi wote wa mtaa. Lakini wakazi wote, jinsi mambo yalivyokuwa, walikuwa wanaume. Mwanamke aliyeonekana akiingia mle siku ya kazi bila mumewe alisemwa mpaka mtaa wa pili. Mimi nilikaa mwaka mzima kabla sijakanyaga sakafu ile.

Aliyenitia ndani alikuwa jirani yangu wa mlango wa nne. Alizaliwa mtaa wa Pumwani, hapa hapa Nairobi, mama yake Mswahili wa Mombasa na baba yake mtu wa bara, na mumewe alikuwa karani wa baraza la mji. Alinizidi kama miaka sita. Akienda mjini alivaa buibui. Nyumbani alijifunga leso na kusuka nywele mistari miembamba iliyonyooka kama mistari ya daftari. Alikuwa amesoma shule ya wasichana mpaka akakijua Kiingereza, jambo ambalo wanaume wengi wa mtaa ule hawakulifikia. Kwa miezi mingi tulikutana mferejini tukasalimiana tu, yeye akiniamkia kwa Kiswahili chake laini, mimi nikimjibu kwa changu cha kuungaunga.

Urafiki wetu ulianzia dukani. Sikujua kusoma. Mume wangu alijua, lakini wiki hizo alikuwa amepelekwa Nakuru kikazi, na barua ilikuwa imefika kutoka nyumbani, imeandikwa na mwalimu wa kanisa kwa niaba ya baba. Nikaipeleka kwa mwenye duka wa pembeni, kama wanawake wengine walivyofanya. Duka lilikuwa limejaa watu waliokuja kununua mafuta ya taa. Mwenye duka akafungua bahasha kwa kisu cha kukatia sabuni, akaanza kusoma kwa sauti ile ile anayotangazia bei.

"Mtoto wetu, salamu. Mama yako ana kidonda kwenye titi, kimepasuka, na harufu yake haituruhusu kulala naye chumba kimoja..."

Kisha mtu mmoja nyuma akacheka, si kwa ubaya, nadhani, bali kwa kutojua afanye nini. Nilitazama chini. Nikaona mkono wenye hina ukipita mbele ya uso wangu na kuinyakua ile barua.

"Lete hapa," jirani yangu akamwambia mwenye duka. "Barua ya mtu ni siri yake. Haisomwi kama bei ya sukari."

Akanishika mkono hadi nyumbani kwake. Aliniketisha kitandani, akaisoma barua yote kwa sauti ya chini, kisha akairudia tangu mwanzo kwa sababu mara ya kwanza sikuwa nimesikia kitu. Nilipoanza kulia alisema, "Shoga, mlilie mama. Usilie kwa kuwa wale wamesikia. Hao hawatasikia tena. Nitakufundisha usome mwenyewe."

Hakuwa mtu wa kutoa ahadi za mdomo tu. Kesho yake alikuja na kipande cha chaki na kigae kilichovunjika. Tulianza na a, e, i, o, u mlangoni pangu, mtoto akitambaa kati yetu. Baada ya wiki mbili jirani wa mlango wa pili aliomba kukaa nasi. Kisha wakawa wanne, tukakosa nafasi, na ndipo alipopata wazo la ukumbi.

Ukumbi ulisimamiwa na afisa wa ustawi wa jamii, mtu mweusi mwenzetu aliyevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Mtaani tulimwita Bwana Welfea. Juu yake alikuwa Mzungu aliyekuja siku ya Ijumaa kukagua. Tulikwenda wawili, mimi nikiwa nyuma ya shoga yangu hatua moja.

"Wanawake wana kazi nyingi," Bwana Welfea alisema. "Nikiwapa siku, mtakuja mara mbili, halafu mtaniachia ukumbi mtupu."

"Jumatano saa nane mchana ukumbi wako una nini ndani yake?" shoga yangu akamwuliza.

"Hauna kitu."

"Basi tupe hicho kitu ambacho huna. Saa nane hadi saa kumi na moja. Au unaogopa tutaimaliza sakafu kwa kuikalia?"

Akacheka, akaandika kwenye kitabu chake. Ndivyo tulivyopata Jumatano.

Siku ya kwanza tulikuwa tisa. Mzee aliyeshika funguo alitufungulia mlango wa pembeni, akatuambia tuvue viatu kwa sababu ya nta, nasi tukaingia kwa vidole vya miguu kama watu wanaoingia nyumba ya mgonjwa. Baada ya miezi mitatu tulikuwa zaidi ya arobaini. Walikuja wake wa watu wa reli, wake wa makarani, wauza samaki wa kukaanga, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, Waluhya kama mimi, na Waislamu kutoka upande wa Pumwani. Saa ya kwanza ilikuwa ya kusoma. Tuliandika kwenye mbao zilizopakwa rangi nyeusi, tumeketi sakafuni miguu imenyooka mbele. Saa za mwisho zilikuwa za kushona. Cherehani ya kwanza ilikuwa ya shoga yangu mwenyewe. Aliileta kichwani kutoka nyumbani. Watoto tuliwalaza jukwaani nyuma ya pazia, wamepangwa kwa safu juu ya leso, na mmoja akilia, wenye watoto wachanga wote waliinua vichwa kwa pamoja.

Wakati ule ulikuwa wa hali ya hatari. Asubuhi moja askari waliuzunguka mtaa, wakapita mlango kwa mlango wakiuliza makabila, na wenzetu Wakikuyu wakapakiwa kwenye malori na waume zao na vyombo vyao. Jumatano iliyofuata mbao zao za kuandikia zilikuwa bado kabatini, na kwenye moja kulikuwa na neno "kalamu" ambalo mwenyewe alikuwa hajalimaliza. Shoga yangu hakulifuta. Aliuweka ubao ule chini kabisa, akasema, "Haya, tuendelee, wakirudi watukute mbele." Siku ile nilimpenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Barua ilifika mume wangu akiwa kazini. Niliifungua mwenyewe, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikaisoma silabi kwa silabi mpaka nikafika kwenye neno lile. Hakuna aliyenisikia. Nilikwenda kwa shoga yangu, nikamkabidhi barua, naye hakuisoma. Aliniuliza tu, "Umeisoma yote?" Nikasema ndiyo. Akanikumbatia. Nilimfanya nani baada ya pale? Nilimfanya mama, nilimfanya dada. Angeniambia nitembee juu ya reli nikiwa nimefumba macho, ningetembea.

Sasa nije kwenye karatasi.

Ilikuwa Jumatano kama nyingine, isipokuwa shoga yangu alichelewa, na alipokuja hakuja na kapu la nyuzi. Alikuja na karatasi iliyopigwa taipu na kidau cha wino wa kuchovyea dole gumba, kile cha ofisini kwa mumewe. Alituambia tukae karibu.

"Yule Mzungu wa Ijumaa anahamishwa," alisema. "Anakuja mwingine asiyejua sisi ni nani. Jumatano yetu iko kwenye mdomo wa Bwana Welfea tu, na mdomo husahau. Nimeandika barua. Inasema tunataka Jumatano iwe yetu kwa maandishi, na kile chumba cha nyuma wanachowekea viti tupewe kiwe cha watoto wetu kulala."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mimi wakati huo nilisoma Kiswahili, tena kwa kidole. Alituonyesha mstari huu na huu, akatufasiria, na wanawake wakawa wanaitikia, "Ndiyo, chumba cha nyuma, ndiyo." Mwanamke mmoja mtu mzima, mkaanga samaki, ambaye alikuwa akikaa karibu nami siku zote, aliuliza, "Na wale waliokuja juzi, imewataja?" Shoga yangu akamjibu, "Imetutaja sote, mama."

Walijipanga mstari wakatia dole. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha kidole, naye akakisukuma kando.

"Wewe hutatia dole. Wewe utaandika jina lako, tena juu kabisa, ili waone tunafundisha kweli."

Alinipa kalamu ya wino. Nilikuwa sijawahi kuandika jina langu kwa wino, kwenye karatasi isiyofutika. Niliandika polepole, ulimi nje, herufi ya mwisho ikapanda juu ya mstari. Wenzangu wakapiga vigelegele. Mzee wa funguo akachungulia kuona kama kuna arusi. Jioni nilimweleza mume wangu, akaniomba nimwandikie jina hilo nyuma ya kalenda, akalitazama muda mrefu akicheka peke yake.

Zilipita wiki tatu. Jumanne moja nilikuwa nikitoka mferejini nikaona wanawake watano wamesimama kwenye ubao wa matangazo wa ukumbi. Waliponiona waliniita. "Njoo wewe unayejua. Kuna tangazo jipya, na neno Jumatano tumelitambua."

Niliitua ndoo. Tangazo lilikuwa na sehemu ya Kiingereza juu na ya Kiswahili chini. Nikaweka kidole, nikaanza.

"Wa-na-wa-ke wa mtaa huu, kwa hi-a-ri yao na kwa ombi lao la maandishi, wa-me-a-chi-li-a..."

Nikasimama.

"Wameachilia nini?" mmoja akauliza.

"Ngojeni. Labda nimekosea."

Nilirudi mwanzo nikasoma kimya. Kisha mara ya tatu. Tangazo lilisema kwamba wanawake wameachilia alasiri ya Jumatano, kwamba kuanzia wiki ijayo ukumbi utatumiwa na klabu ya makarani kwa mafunzo ya dansi, na kwamba vitu vilivyomo kabatini vichukuliwe na wenyewe kabla ya Jumamosi. Niliwasomea kwa sauti. Hapakuwa na namna nyingine.

"Ombi lipi?" mkaanga samaki akauliza. "Nani ameomba?"

Niliacha ndoo pale pale, nikaingia ofisini kwa Bwana Welfea bila kubisha. Alikuwa akinywa chai. Nilimwambia tangazo lina makosa, kwamba barua yetu ilisema vingine. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi, kisha akafungua faili na kuitoa ile karatasi.

"Hili si jina lako?"

Lilikuwa langu. Herufi ya mwisho ilikuwa imepanda juu ya mstari. Chini yake yalikuwa madole gumba ya wenzangu, yamejipanga, meusi.

"Nisomee kwa Kiswahili," nilimwambia.

Akanisomea, bila haraka, kwa upole hata. Barua ilisema kwamba sisi wanawake tumeshukuru kwa fursa tuliyopewa, kwamba kazi za nyumbani zimetuzidi na hatuwezi kuendelea, na kwamba tunaomba mwalimu wetu, kwa bidii yake, apewe nafasi ya msaidizi wa wanawake katika ukumbi mpya unaofunguliwa mtaa mwingine. Chumba cha nyuma hakikutajwa popote. Watoto hawakutajwa.

"Mama," Bwana Welfea alisema akirudisha karatasi kwenye faili, "mimi nilishangaa. Lakini mmetia sahihi wenyewe."

Nilitoka. Kutoka ukumbini hadi mlango wa nne kutoka kwangu ni hatua kama mia mbili, na nakumbuka sikuona mtu hata mmoja njiani, ingawa wapo walioniambia baadaye kwamba walinisalimu. Mlango wa shoga yangu ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga magoti sakafuni akifunga sahani kwenye magazeti. Cherehani ilikuwa tayari imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba.

Hakuinuka. Alinitazama usoni, akajua.

"Umeisoma," alisema.

"Nimeisoma ya Kiswahili. Ile ya Kiingereza nimesomewa."

"Keti, shoga."

"Sikai. Niambie nimesikia vibaya. Niambie Bwana Welfea ndiye aliyebadilisha karatasi."

Aliweka sahani chini. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nikimwombea moyoni aseme uongo, nami niuamini.

"Jumatano ilikuwa imekwisha," alisema hatimaye. "Mume wangu aliona majalada. Makarani walikuwa wameshaiomba, na wangepewa tu, tukitaka tusitake. Mzungu alichotaka ni isionekane wanawake wamefukuzwa. Akasema wakiondoka kwa hiari yao, kuna nafasi moja mtaa mwingine, na nyumba ya vyumba viwili. Wangeichukua Jumatano bure. Mimi nimechukua kilichobaki."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngekubali?"

"Tungekataa!"

"Na mkikataa mngepata nini? Mngekosa nyinyi, ningekosa na mimi. Miaka minne nimefundisha watu mchana kutwa, sijapata hata cheo cha kufagia. Nina watoto watatu na mama mkwe katika chumba kimoja. Unajua tunavyolala, umeona."

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba kila alilolisema lilikuwa kweli, na bado alikuwa amenidanganya.

"Basi ungetia jina lako," nilimwambia. "Kwa nini langu? Kwa nini juu kabisa?"

Hapo ndipo alipotazama kando. Akachukua sahani nyingine, akaanza kuizungushia gazeti.

"Kwa sababu dole walilizoea," alisema. "Barua ya madole matupu wangesema wajinga wamedanganywa. Jina lililoandikwa kwa mkono linaaminika."

Sikumpiga. Watu waliniuliza baadaye kama nilimpiga, wengine walisikitika kwamba sikumpiga. Nilisimama tu pale nikimwangalia mikono ile yenye hina ikifunga sahani vizuri, pembe juu ya pembe, kama alivyotufundisha kukunja pindo. Kisha nikarudi kuchukua ndoo yangu. Mtu alikuwa ameimwaga maji na kuifudikiza.

Walihama Alhamisi, kwa mkokoteni wa kukodi. Hakuna aliyetoka kuwaaga. Lakini kama nilidhani hasira ya mtaa itamfuata yeye, nilijidanganya. Yeye hakuwepo, mimi nilikuwepo. Jioni ile ile habari ya jina ilikuwa imeenea. Mzee wa funguo alikuwa amelisikia ofisini, naye akamwambia mkewe. Asubuhi nilipofika mferejini, mazungumzo yalikatika.

"Hamjambo?" nilisema.

Ni mkaanga samaki peke yake aliyenijibu, na heri asingenijibu.

"Hatujambo, msomi. Wewe umepewa vyumba vingapi?"

"Mama, mimi nilidanganywa kama wewe. Sikujua Kiingereza."

"Sisi tulitia vidole kwa sababu hatujui. Wewe uliandika. Kwa kalamu. Tukakupigia vigelegele." Akajitwika debe lake. "Kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikujua nguo zenyewe tulivaa mbili."

Nilijaribu kuirekebisha. Jumatano iliyofuata nilichukua ubao wangu nikaenda ukumbini saa nane kamili. Nilikuwa nimewaendea wanawake kumi nyumbani kwao nikiwaomba tukae kwenye ngazi, tukae tu, na mbao zetu, waone kwamba hatukuacha kwa hiari. Walikuja watatu. Ndani gramafoni ilikuwa ikipiga, na sauti ya mwalimu wa dansi ikihesabu hatua. Makarani waliopewa ruhusa ya mchana walipita katikati yetu wakijikunja wasitukanyage. Mmoja aliniomba radhi. Mzee wa funguo alitoka mara mbili kutuambia tuondoke, na mara ya pili alikuwa na machozi machoni, kwa sababu mmoja wetu alikuwa binti wa ndugu yake. Wiki ya pili tulikuwa wawili. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, nikakaa peke yangu chini ya ukingo wa paa mpaka saa kumi na moja, nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu basi.

Alisema neno moja tu. "Ungenionyesha ile barua kabla ya kutia sahihi." Hakulisema kwa ukali. Lakini alikuwa ameibandua ile kalenda ukutani, na sikumwuliza aliitupa wapi.

Baadhi ya wanawake walinisamehe baada ya mwaka, wengine baada ya kuzaa na kuhitaji mtu wa kuwashikia mtoto. Mkaanga samaki hakunisamehe kabisa. Alirudi kwao Nyanza na kinyongo chake. Mimi niliendelea kusoma. Nilijifunza na Kiingereza kidogo kidogo, kutoka kwenye vitabu vya watoto wangu, si kwa kukipenda bali kwa hofu. Kila karatasi iliyoingia nyumbani kwangu, hata ya chanjo, niliisoma mara mbili kabla sijaishika kalamu, na makarani wengi wamenikasirikia kwa kuwachelewesha.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa soko la Kariokor, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimekwenda kumnunulia mume wangu viatu vya mpira wa gari. Nimeinama nikijaribu ukanda, nikasikia mtu akiniita shoga. Alikuwa amenenepa kidogo, kavaa gauni la ofisini na kilemba, na alikuwa na mwanamke wa Kizungu aliyebeba daftari. Nilitafuta hasira niliyoiweka miaka yote hiyo. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nilikuwa nayo tayari, naweza hata leo kukutajia yalivyoanza.

Akanishika bega, akamgeukia yule Mzungu, akasema kwa Kiingereza, nami nilielewa kila neno, "Huyu ndiye mwanafunzi wangu wa kwanza. Alikuwa hajui hata a."

Mama yule akanipa mkono. Akaniuliza kama ni kweli, kama huyu ndiye mwalimu wangu.

Shoga yangu alinitazama. Katika macho yake hapakuwa na aibu wala ombi. Palikuwa na matumaini tu, ya mtu aliyezoea kwamba nitamjibu ndiyo.

"Ndiyo," nilisema. "Ndiye aliyenifundisha."

Wakaondoka wakizungumza. Nilibaki nimeshika kiatu kimoja, na mwenye duka akaniuliza mara mbili kama ninavichukua au sivichukui. Nikavichukua. Nyumbani mume wangu alivijaribu, vikambana vidole, akaniambia nivirudishe kesho. Sikurudi. Alivivaa hivyo hivyo mpaka mpira ukalegea.